Bei ya kumwosha mbwa nyumbani Kampala huamuliwa barabarani

Mkazi wa Kampala anayetaka mbwa wake aoshwe na kunyolewa nyumbani hupiga simu na kuuliza jambo moja tu: mbwa mmoja ni shilingi ngapi? Akitajiwa bei huomba apunguziwe, kama anavyofanya akinunua nyanya sokoni Nakasero, na mara nyingi hufanikiwa, kwa kuwa vijana wa kazi hii wanashindana na kila mmoja anaogopa kumpoteza mteja. Maoni yangu ni kwamba swali lenyewe ndilo lenye kasoro. Sehemu kubwa ya pesa anayolipa mwenye mbwa haiendi kwenye shampuu wala kwenye mkasi. Inaishia kwenye mafuta ya gari, kwenye saa zinazopotea katika msongamano wa magari, na kwenye ujira wa watu waliokaa ndani ya gari hilo wakisubiri njia ifunguke. Gharama hizo hazipungui kwa sababu mteja amebembeleza. Kinachopungua ni kazi, na hupungua mahali ambapo mteja hana macho: kwenye kusafisha vifaa baada ya mbwa aliyetangulia, kwenye kukausha manyoya hadi kwenye ngozi, na kwenye kuukagua mwili wa mnyama.

Huduma ya kufuatwa nyumbani ina sababu nzuri ya kuwapo. Kwa sensa ya 2024, wilaya ya Wakiso inayoizunguka Kampala ndiyo yenye watu wengi kuliko wilaya nyingine yoyote nchini, zaidi ya milioni 3, na wengi wao ni watu ambao kazi zao ziko mjini lakini nyumba, ukuta, geti na mbwa wa ulinzi viko Kira, Najjera, Gayaza, Kajjansi au Nansana. Kumpeleka mbwa kliniki au saluni kunahitaji gari binafsi, kwa kuwa kondakta wa taksi hawezi kumpakia German Shepherd wa kilo 35 katikati ya abiria, na bodaboda humfaa mbwa mdogo peke yake, tena akiwa ndani ya kikapu kilichofungwa vizuri. Zaidi ya hayo, mbwa wa ulinzi aliyekulia ndani ya ua mmoja na ambaye hajawahi kutoka nje ya geti hubadilika kabisa akiingizwa garini: huhema, hutapika, na anaweza kumuuma hata yule anayempa chakula kila siku. Kwa mbwa wa namna hiyo, mwoshaji anayekuja mwenyewe ni msaada wa kweli.

Tufanye hesabu ya mfano, na niseme wazi kwamba tarakimu hizi nimezipanga mimi ili kuonyesha gharama zinavyokwenda, si bei za kampuni yoyote. Timu ya watu wawili yenye gari dogo, tangi la maji, jenereta na mashine ya kukaushia inatoka asubuhi. Petroli, ambayo miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka shilingi 5,000 kwa lita, inahitajika lita 4 kwa gari na lita 2 kwa jenereta, yaani shilingi 30,000. Ujira wa wawili hao tuuweke shilingi 50,000 kwa siku, na shilingi 20,000 tuzitenge kwa matairi, matengenezo ya gari na kunoa visu vya mashine. Hapo tumefika shilingi 100,000 kabla mbwa hajaloweshwa. Shampuu, dawa ya kuua vijidudu, pamba na mafuta ya mashine tuvihesabu shilingi 5,000 kwa kila mbwa. Wakihudumia mbwa 4 kwa siku, kila mmoja anawagharimu shilingi 30,000. Wakikwama asubuhi nzima katika msongamano wa Ntinda wakaambulia mbwa 2, kila mmoja anawagharimu shilingi 55,000. Wakipata mbwa 6 katika mtaa mmoja, mafuta ya gari yakapungua kwa nusu, gharama ya kila mbwa inashuka hadi shilingi 20,000. Faida bado hatujaiweka.

Katika hali zote tatu shampuu ni ileile, mikono ni ileile na mbwa anaweza kuwa yuleyule. Kilichobadilika ni idadi ya mbwa kwa siku, na idadi hiyo huongezeka kwa njia mbili tu: kufupisha safari au kufupisha muda wa kila mbwa. Mteja anayelazimisha bei ishuke bila kusaidia kufupisha safari amechagua njia ya pili bila kujua, na mwoshaji aliyekubali hana budi kuutafuta muda huo mahali fulani kabla hajaondoka getini kwake.

Nchini Australia, ambako trela za kuoshea mbwa zinazovutwa na gari ni jambo la kawaida tangu zamani, kampuni za kazi hiyo huligawa jiji kwa maeneo, na kila mwoshaji huhudumia vitongoji vyake. Sisi tunafanya kinyume. Kijana mmoja hupokea miadi ya Munyonyo saa tatu, ya Naalya saa sita na ya barabara ya Entebbe saa tisa, akaitwa mzembe akichelewa. Ukiitazama ramani ya siku yake utaona kwamba anavuka Kampala yenyewe, manispaa ya Kira na ile ya Makindye-Ssabagabo, kila moja ikiwa na mamlaka yake na utaratibu wake wa leseni za biashara, jambo ambalo mwenye duka lililokaa mahali pamoja halimsumbui.

Sasa nieleze kwa nini dakika zinazokatwa zina uzito. Gari linaloingia nyua nne kwa siku linaweza kubeba maradhi ya nyua nne. Virusi vya parvo, ambavyo huua watoto wa mbwa kwa kuhara damu na kutapika, huweza kukaa kwenye udongo na vifaa kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui. Klorini inaviua, lakini kwa masharti: uchafu na manyoya viondolewe kwanza, kwa kuwa uchafu huidhoofisha, kisha dawa iachwe juu ya kifaa kwa muda wa dakika 10 hivi kabla ya kusuuzwa. Choa anayetokana na fangasi wa mbwa na paka naye hupita kwenye brashi, taulo na visu vya mashine. Mbegu zake huweza kukaa kwenye manyoya yaliyoanguka kwa zaidi ya mwaka, na huwapata watoto wanaolala na mbwa sebuleni. Upele wa utitiri huambukiza vilevile, kwa mbwa na kwa watu. Kuosha meza, kuloweka brashi, kubadilisha taulo na kupulizia visu dawa ni robo saa nzima kwa kila nyumba kama kazi inafanywa kwa uaminifu. Kwa nyumba nne ni saa moja, na saa moja hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa bei ikibanwa, kwa sababu haionekani na wala haiachi harufu nzuri kama shampuu.

Ndiyo maana ningependa mteja aliweke kando kidogo swali la bei na kuuliza kwanza: brashi na taulo ulizotumia kwa mbwa wa mwisho ziko wapi? Mwoshaji makini hujibu bila kusita, kwa kuwa ana seti kadhaa, kila seti ndani ya mfuko wake, na zilizotumika zimetengwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Mwenye seti moja tu naye hujibu, ila jibu lake huwa refu. Vilevile mwenye mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake asikubali kabisa meza iliyotoka nyumba nyingine. Amwoshe mwenyewe kwa maji ya vuguvugu mpaka daktari wa mifugo atakaposema chanjo zimekamilika.

Hatua ya pili inayokatwa ni kukausha. German Shepherd na Japanese Spitz wana tabaka mbili za manyoya, za juu zikiwa ndefu na ngumu, za chini zikiwa laini na nzito mithili ya pamba. Mbwa wa aina hii akipanguswa kwa taulo huonekana mkavu juu huku chini maji yamebaki. Akirudishwa bandani jioni ya msimu wa mvua, kati ya Machi na Mei au kati ya Septemba na Novemba, unyevu hukaa usiku kucha, ngozi huwasha, naye hujilamba na kujing'ata mpaka kidonda chenye majimaji kinatokea kwa siku moja au mbili. Mwenye mbwa huilaumu shampuu. Dawa yake ni kuwaita waoshaji asubuhi, na kukubali kwamba kumkausha mbwa mkubwa kwa mashine huchukua muda kama ule wa kumwosha. Umeme wa nyumbani ukiwapo, jenereta haina haja ya kuwashwa, na ni haki bei ishuke kwa kiasi hicho. Umeme ukikatika, gharama inarudi. Hali ni hiyohiyo kwa maji: anayetoa maji ya bomba lake na kumwachia mwoshaji nafasi ya kivulini anastahili kulipa pungufu kuliko anayetaka kila kitu kitoke garini.

Hatua ya tatu ni ukaguzi, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo mwoshaji mzuri anapopita thamani ya pesa anayolipwa. Mtazame akifanya kazi. Hushika mguu wa mbele, huvipanua vidole kimoja kimoja na kuangalia ngozi ya katikati, kwa kuwa huko ndiko kupe wadogo hujibana. Hugeuza sikio nje ndani na kunusa, maana harufu ya chachu huashiria maambukizi kabla usaha haujaonekana. Hupitisha kiganja chini ya tumbo na kwenye kinena kutafuta uvimbe wenye tundu katikati. Uvimbe huo mara nyingi ni wa funza wa yule nzi anayetaga mayai kwenye mchanga wenye unyevu na kwenye nguo zilizoanikwa, nzi ambaye kwa ajili yake Waganda hupiga pasi hata nguo za ndani. Mbwa anayelala juu ya mchanga wa ujenzi uliobaki uani humpata kirahisi. Mwoshaji aliyezoea humwonyesha mwenye nyumba, humwambia asikamue kwa nguvu, na kumshauri aende kwa daktari kama vimekuwa vingi. Yule anayekimbilia miadi ya saa sita hupaka sabuni juu yake akaendelea.

Kupe ndio adui mkubwa zaidi. Kupe wa kahawia wa mbwa, tofauti na kupe wengi wa porini, anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya ua: jike hushiba damu, hushuka, hupanda ukutani au kujificha kwenye nyufa za banda, na kutaga maelfu ya mayai humo. Hueneza vimelea wanaoharibu damu ya mbwa. Mbwa hupata homa, ufizi hupauka, mwingine hutokwa damu puani, mwingine hukojoa mkojo wa rangi ya kahawia, na wasiotibiwa mapema hufa. Kwa hiyo kumwosha mbwa na kumrudisha kwenye banda lenye nyufa zilezile ni kazi ya wiki moja tu. Mwoshaji asiyeomba kuona banda hajamaliza kazi yake, na mwenye nyumba asiyetaka banda liguswe asitegemee kwamba shampuu ya kupe itamwokoa.

Kuna desturi moja inayonitia hofu kuliko zote. Familia nyingi za Kampala zina shamba la ng'ombe magharibi mwa nchi, Mbarara, Kiruhura au Ntungamo, na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe husafiri hadi mjini ili mbwa naye afaidi. Dawa hizo hupimwa kwa ajili ya ng'ombe wa mamia ya kilo. Baadhi zina sumu inayoathiri mishipa ya fahamu, na mbwa, tofauti na ng'ombe, hujilamba mwili mzima baada ya kunyunyiziwa: atadondokwa na ute, atatetemeka, ataanguka. Nyumba yenye paka ina hatari zaidi, kwa kuwa permethrin, dawa ya kuua kupe na wadudu ambayo mbwa anaweza kuistahimili kwa kipimo sahihi, humuua paka. Nimesikia waoshaji wakiisifu dawa ya ng'ombe kwamba ni kali na ni rahisi. Ni kali kweli, na urahisi wake ndio unaofanya bei yao iwe ndogo. Isitoshe, huko magharibi kwenyewe kupe wamezizoea baadhi ya dawa hizo kwa sababu ya kuzichanganya ovyo, hivyo mwenye mbwa anaweza kulipia sumu isiyoua hata kupe aliowakusudia. Mwoshaji atakayekataa kutaja jina la dawa aliyoitia kwenye ndoo asiruhusiwe kuimwaga juu ya mbwa.

Kuhusu kunyoa, tofauti za mbwa ni kubwa kiasi kwamba bei moja kwa wote haina maana. Manyoya ya Poodle hayaachi kukua, na asiponyolewa kila baada ya wiki 6 hadi 8 hufungamana nyuma ya masikio na kwapani mpaka ngozi inavutwa kila anapotembea. Shih Tzu na Maltese wana tabia iyo hiyo. Hesabu ya mwaka ni rahisi: ukinyoa mara 8 kwa shilingi 80,000, kwa mfano, ni shilingi 640,000, na mtu anapaswa kuijua tarakimu hiyo kabla ya kumnunulia mtoto mbwa wa manyoya marefu siku ya Krismasi. Kinyume chake, German Shepherd hapaswi kunyolewa mwili mzima kwa sababu tu Kampala ni ya joto. Manyoya yake ya juu humkinga na jua, na yakikatwa karibu na ngozi huweza kuota kwa mabaka. Anachohitaji ni kuchanwa vizuri, manyoya yaliyokufa yatoke kwa mafungu, kazi ya jasho ambayo wateja wengi hawataki kuilipia kwa kuwa mwishoni mbwa anaonekana karibu vilevile.

Mashine nayo ina la kusema kuhusu aliyeishika. Kisu chake hupata moto baada ya dakika chache za kunyoa, na huweza kuiunguza ngozi ya tumbo bila kuacha alama mpaka kesho yake. Mnyoaji mwenye mafunzo husimama kila mara, huugusisha upande wa kisu kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, na ukiwa na moto hubadilisha kisu au hukipulizia kipoe. Ni tendo la sekunde mbili. Mwenye mbwa akisimama karibu kwa robo saa ya kwanza ataliona au ataliona halipo. Jambo jingine la kuangalia ni sabuni: ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko ya binadamu na haina asidi kama yetu, hivyo sabuni ya mche, ya unga au ya vyombo huikausha na kuifanya imwashe, hata kama povu lake ni zuri na bei yake ni nusu ya shampuu.

Je, kila mbwa wa mjini anahitaji huduma hii? Hapana, na nasema hivyo nikijua kwamba vijana wa kazi hii watanikasirikia. Mbwa wengi wa Kampala ni wa kienyeji au machotara wenye manyoya mafupi. Mbwa wa namna hiyo akichanwa mara moja kwa wiki, akaoshwa kila baada ya mwezi au miezi miwili na kukaguliwa kupe kila siku, anatosheka. Anayeweza kufanya hayo ni yule anayekaa naye, na katika nyumba nyingi ni askari wa getini, ambaye mwenye nyumba humwachia mbwa bila kumwachia maarifa wala malipo. Askari huyo akifundishwa na mwoshaji siku moja, akapewa brashi, shampuu ya mbwa, glavu na nyongeza ya mshahara kwa kazi hiyo, mbwa atakuwa na hali nzuri kuliko yule anayeoshwa na wageni mara nne kwa mwaka. Askari wengi wa kampuni za ulinzi wamezoea kuzungumza Kiswahili kazini, na mwoshaji anayekijua humweleza kila kitu palepale bila kumsubiri mwenye nyumba arudi kutoka mjini. Mpango huo ni halali ikiwa tu askari amekubali na analipwa. Kumwongezea mtu mbwa wa kuosha juu ya zamu ya saa 12 ni dhuluma.

Pesa inayookolewa hapo inajulikana pa kwenda. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu Uganda, na karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani wameupata kwa kuumwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani na wenzake wameweka 2030 kuwa mwaka wa kukomesha vifo hivyo, na chanjo ya mbwa ndiyo njia yenyewe. Nyumba inayolipia manukato ya mbwa huku kadi yake ya chanjo imepitwa na wakati imepanga vibaya matumizi yake. Ningetaka iwe desturi kwamba mwoshaji huomba kadi hiyo kabla hajafungua kisanduku cha vifaa, na kwamba mteja haoni ni dharau. Kijana huyo hushika midomo na makucha ya mbwa asiowajua kila siku. Yeye mwenyewe anahitaji chanjo ya kinga kabla ya kuumwa, na gharama yake ni sehemu halali ya bei. Akiumwa au akikwaruzwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, si baada ya kumaliza miadi.

Hakuna cheti anachotakiwa kuwa nacho kijana kabla ya kununua mashine na kuanza kazi hii, na si Uganda peke yake. Hata Uingereza, yenye utamaduni mrefu wa saluni za mbwa, haina leseni ya lazima kwa wanyoaji. Sidhani kwamba sheria kali ndiyo ya kuanzia, kwa sababu ingewafukuza wadogo na kuwaachia kazi wenye magari makubwa. Kinachowezekana mapema ni mafunzo mafupi. Makerere ina chuo cha tiba ya mifugo chenye walimu wanaozijua ngozi za wanyama, kupe na vijidudu. Kozi ya wiki mbili yenye mitihani ya vitendo, kwa ada ambayo kijana wa bodaboda anaweza kuimudu, ingempa mteja kitu cha kuuliza badala ya kukisia kutokana na picha nzuri za mbwa waliofungwa utepe.

Wateja nao wana uwezo wa kubadilisha hesabu mwezi huu, bila kusubiri chuo wala mamlaka ya jiji. Nyumba tano au sita za mtaa mmoja wa Kira au Bukasa zikikubaliana siku moja ya mwezi, waoshaji wakaja asubuhi na kushinda hapo, safari moja inagawanywa kwa wote na kila mbwa anapata saa yake kamili. Mitaa mingi tayari ina makundi ya simu ya ulinzi na ya kuzoa taka, hivyo hakuna kipya cha kuanzisha. Bei nayo itajwe kwa mafungu mawili yaliyotenganishwa: nauli ya kufika mtaani, inayogawanywa na wote waliokubaliana, na ujira wa kazi, unaotegemea ukubwa wa mbwa, urefu wa manyoya na hali yake. Mbwa aliyefungamana manyoya alipiwe zaidi, kwa kuwa ni saa mbili za uvumilivu. Mtu akitaka punguzo aliombe kwenye nauli, kwa kuleta majirani. Ujira wa kazi auache ulivyo.

Mpangilio huo unasaidia hata siku kazi inapokataa kufanyika. Wapo mbwa ambao hawashikiki, na wapo waoshaji ambao, kwa kuogopa kurudi mikono mitupu, huwapa vidonge vya kulewesha walivyouziwa bila maelekezo. Dawa ya namna hiyo hushusha shinikizo la damu na joto la mwili, na kwa mbwa mzee, mwenye moyo dhaifu au mwenye pua fupi, inaweza kumuua akiwa juu ya meza na asiwepo mtu wa kumwamsha. Mbwa asiyeweza kunyolewa bila dawa anyolewe kliniki, mbele ya daktari aliyempima. Mwoshaji anayelifahamu hilo, akamtazama mbwa kwa dakika kumi, akafunga kisanduku chake na kusema kwamba leo haiwezekani, amefanya kazi ya kitaalamu. Nauli ya safari hiyo alipwe yote.